Naomba ushauri: kufuatilia asili ya matusi ya Kiswidi

Wakuu, naomba ushauri. Chukueni kärring, tusi la kumwita mwanamke kizee. Mtu anaweza kulitoa kwenye kär, "mpendwa". Si kweli, ni sauti tu zinazofanana: shina ni karl, "mwanamume", likaongezwa -ing, na Kinorsi cha kale, lugha mama ya Kiswidi, kina kerling. Jävla, neno la kulaani, ni rahisi, limetoka kwa djävul, shetani.

Kinachosumbua ni tarehe. SAOB, kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiswidi iliyokamilika 2023, hutoa mifano ya maandishi, ilhali tusi hutamkwa mitaani miaka mingi kabla ya kuandikwa. Kesi za kukashifiana katika kumbukumbu za mahakama huyanukuu jinsi yalivyotamkwa. Mnaozifahamu, nianzie karne gani, na tahajia za zamani nizitafuteje?