MJADALA: Mchezaji akigongwa kichwa, ni "kaumia kidogo" au ni mtikisiko wa ubongo?

Kalamu_ya_Tanga: Wadau, hoja yangu ni hii. Wachezaji wanagongana vichwa, mmoja analala chini, anainuka anayumba, halafu mtangazaji anasema "kaumia kidogo, anaendelea". Waingereza wana neno moja la hali hiyo, concussion. Limetoka kwenye Kilatini concutere, kutikisa kwa nguvu. Sisi tunalo "mtikisiko wa ubongo" na linaeleweka bila kamusi: ubongo umetikisika ndani ya fuvu. Watangazaji walitumie. Hilo la "kaumia kidogo" ndilo linalowapa makocha wa mtaani ujasiri wa kumrudisha mtoto uwanjani. Mnasemaje?

Kocha_Mkongwe: Makocha wa mtaani tumekukosea nini? Nafundisha watoto bila senti, mipira nanunua mwenyewe, jezi zinafuliwa kwangu. Mtoto akianguka nammwagia maji, namuuliza jina lake, akijibu anaendelea. Akizimia namtoa. Hakuna aliyenifia mikononi. Hicho Kilatini kitanisaidia nini saa kumi jioni uwanja umejaa vumbi?

Nesi_wa_Zamu: Shikamoo kocha. Hapo kwenye kuzimia ndipo panapotisha. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Yuko macho, anatembea, lakini anakuuliza swali lile lile, mwanga unamkera, anasikia kichefuchefu. Hata kipimo cha CT mara nyingi hakionyeshi kitu. Na jina lake atakutajia vizuri tu. Muulize ni kipindi cha ngapi, na nani kafunga goli la mwisho. Akibabaika, mchezo wake umekwisha siku hiyo.

Mwana_wa_Lubumbashi: Miye niko Lubumbashi. Mnalisifu neno bila kulijua. Kwa Kifaransa, concussion ni kosa la jinai: mtu wa serikali anayemtoza raia pesa akijua kabisa raia hadaiwi. Liko katika sheria yetu ya adhabu huku Kongo. Ubongo ukitikisika, daktari anaandika commotion. Kwa hiyo msituambie maana ya Waingereza ndiyo yenye asili.

Shina_la_Neno: Zote mbili zina asili. Warumi walisema concussio kwa kutikisa, na wanasheria wao wakalitumia kwa kumtishia mtu mpaka atoe mali. Waitalia mpaka leo wana kosa la concussione. Waganga wa Ulaya nao waliandika commotio cerebri karne nyingi.

Boda_wa_Mbezi: Kwa hiyo lile tunalofanyiwa barabarani lina jina tangu enzi za Warumi! Asubuhi hii nimetoa elfu tano, kosa sijatajiwa, risiti sijaona. Huo ndio mtikisiko wa kujadili.

Binti_wa_Sajenti: Baba yangu alisimama barabarani kwenye jua miaka mingi na amestaafu na nyumba ya vyumba viwili. Usiwapake wote matope kwa sababu ya mmoja aliyekusimamisha wewe.

Boda_wa_Mbezi: Dada, sijamtaja baba yako. Nimetaja elfu tano yangu.

Mwana_wa_Lubumbashi: Tena msichanganye na rushwa. Kwenye rushwa mnapatana wawili. Concussion ni yeye kukudai kama vile ni kodi halali, na wewe unalipa ukidhani ni halali.

Boda_wa_Mbezi: Mimi sikudhani ni halali hata sekunde moja.

Kalamu_ya_Tanga: Jamani, hoja ni VICHWA VYA WACHEZAJI. Ya trafiki yaanzishiwe uzi wake.

Mswahili_Muscat: Huku Muscat hospitali wanasema kwa Kiarabu irtijaj, nayo ni kutikisika vilevile. Na kabla hamjawapa Warumi sifa zote, al-Razi, tabibu wa Uajemi, alishaitenga hali hii na majeraha mengine ya kichwa karne ya 10. Kwa nini kila asili ya neno lazima ianzie Ulaya?

Raga_Nakuru: Asili haijawahi kumlinda mchezaji. Kwa raga ya kulipwa, ukishukiwa tu unatolewa, daktari anakupima na mwingine anashika nafasi yako kwa muda. Soka ilichelewa sana. Kombe la Dunia 2014, yule beki wa Uruguay, Pereira, alilala hajitambui kwa goti la Muitalia, akaamka akamfokea daktari na kurudi uwanjani.

Mtazamaji_77: Si Muitalia. Ni mechi ya Uingereza, goti la Sterling. Na fainali ya mwaka huohuo Kramer wa Ujerumani aligongwa na Garay, akabaki uwanjani karibu robo saa. Refa Rizzoli alisimulia baadaye kwamba Kramer alimuuliza kama kweli hii ni fainali. Fainali ya Kombe la Dunia, mtu hajui yuko wapi, na benchi zima linamtazama!

Raga_Nakuru: Muitalia au Muingereza, goti ni goti. Mabadiliko ya ziada kwa mtikisiko wa ubongo yalianza kwa majaribio 2021, na yameingia kwenye sheria za soka 2024. Hata hivyo kila shindano linaamua lenyewe kuyatumia.

Kocha_Mkongwe: Mabadiliko ya ziada! Mimi nina kumi na mmoja na mmoja wa akiba, na huyo kaja bila viatu.

Nesi_wa_Zamu: Basi wacheze kumi, kocha. Akigongwa mara ya pili kabla ubongo haujatulia, unaweza kuvimba na kumuua, na watoto ndio walio hatarini zaidi. Nimeshawapokea usiku wa manane, mama kafunga kanga juujuu, anasema "alikuwa anacheza vizuri tu". Mwambie mzazi siku ileile. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, hospitali usiku huohuo, wasisubiri kukuche.

Boda_wa_Mbezi: Usiku wa manane mtoto huyo anapelekwa na nani? Sisi. Na njiani tunasimamishwa.

Binti_wa_Sajenti: Umeanza tena.

Kocha_Mkongwe: Nesi, hayo ya mboni na kutapika yaandike kwa ufupi nimsomee mzazi kwenye simu. Na Kalamu bado hajaniambia "makocha wa mtaani" ni kina nani.