Gari iliyobadilishwa usukani kwa ajili ya mawe: ibebe abiria au isibebe?

Assalam aleikum ndugu zangu. Suali langu ni moja: gari iliyoinuliwa na kubadilishwa usukani ili ipite kwenye mawe, iruhusiwe kuingia barabarani ikiwa na watu? Mimi nasema iruhusiwe, kwa masharti mawili. Rodi yoyote ya usukani isiwe imechomelewa. Na gari isipakie abiria hata mmoja mpaka mtu anayejua usukani ameingia chini yake akaikagua.

Naendesha huku Micheweni, Pemba. Aliyepita njia za Kiuyu na Maziwa Ng'ombe anazijua: udongo umekaa juu juu tu, chini ni jiwe la matumbawe lenye meno. Gari yangu ni Land Rover Defender ya zamani, yenye ekseli nzima mbele. Kwenye gari hizi tairodi, ile inayounganisha magurudumu mawili, imejificha nyuma ya ekseli. Draglinki, inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda gurudumuni, inapita mbele, wazi kabisa. Jiwe likija linakutana nayo mwanzo.

Yangu ilipinda. Fundi akaifungua, akailaza juu ya gogo la mnazi, akaipiga nyundo mpaka ikanyooka machoni. Palipoingia ufa akapachomelea, akapaka rangi nyeusi. Nikalipa, nikashukuru. Wiki mbili baadae gari inakwenda moja kwa moja lakini usukani umekaa upande. Nikasimama, nikajilaza chini na tochi. Rangi ilikuwa imepasuka, na mstari wa kutu mwembamba kama unywele umeizunguka rodi, upana wa kidole tu kutoka pale alipochomelea. Kuchomelea kwa namna ile hukiacha chuma cha pembeni ya mshono kigumu na chepesi kukatika. Nyuma ya gari walikuwemo kina mama sita na watoto wao, tunarudi harusini. Niliwateremsha wote wakamalizia kwa miguu, na mpaka leo nikikumbuka roho inanienda mbio.

Sasa kuna wazee wangu wanaosema: basi pigeni marufuku yote, gari ibaki ilivyotoka kiwandani. Hapo siwafuati. Hatari kubwa naiona kwa aliyebadilisha nusu. Kijana anaongeza springi ndefu na tairi za inchi 35, usukani anauacha vile vile. Draglinki inabaki imeinama sana. Kila ekseli inapopanda au kushuka kwa tuta au shimo, rodi inasukuma gurudumu, gari inajigeuza yenyewe wakati mikono ya dereva imetulia. Isitoshe, ekseli ikibadilika mlalo wake, usukani hauna tena hamu ya kurudi katikati, na kwenye lami gari inatangatanga. Dawa yake ndiyo hayo mabadiliko yanayopingwa: mikono ya kugeuzia magurudumu ihamishiwe juu, rodi zilale karibu sawa na ekseli na ziwe mbali na jiwe, na mlalo wa ekseli urekebishwe.

Rodi yenyewe ikerezwe kutoka bomba zito, kipenyo milimita 32 na ukuta milimita 6, ichongwe nyuzi za ndani ncha zote mbili, moja za kulia na moja za kushoto, ili alaimenti irekebishwe kwa kuizungusha. Lakini tusijidanganye. Rodi ikikataa kupinda, kipigo cha jiwe hakipotei. Kinapanda kwenye boksi, kutoka boksi kinaingia kwenye chesisi pale lilipofungwa. Nimeona chesisi imechanika hapo, rodi haina hata mkwaruzo. Kwa hiyo mkaguzi asitazame rodi peke yake. Aguse bolti za boksi na za ile mikono ya juu moja moja, maana hizo zikilegea hakuna kinachobaki.

Kuna na wale waliovutiwa na magari ya Marekani, ya Moab, kule kwenye miamba ya Utah, na yale ya King of the Hammers, mashindano ya mbio za jangwani na kwenye mawe yaliyoanza 2007. Mengi ya magari hayo makubwa ya mashindano usukani wake ni mafuta matupu: hakuna chuma kinachouunganisha na magurudumu. Mpira wa kupitishia mafuta ukipasuka, dereva ameshika duara tu. Ndugu zangu, yale hupakiwa kwenye trela mpaka uwanjani. Hayendi Konde na mzigo wa abiria. Silinda ya mafuta ya kusaidia usukani tu, yenye rodi za chuma bado mahali pake, naikubali. Mafuta matupu barabarani, hapana.

Najua jibu la wenzangu wa Pemba: vipuri viko Gerezani, Dar, na mpaka vivuke bahari siku za kazi zimepotea, kwa hiyo mtu anachomelea apate riziki. Mimi mwenyewe nilichomelea kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana sitaki adhabu itangulie. Tukerezewe rodi za akiba hapa hapa, kila gari ya mawe ibebe moja chini ya kiti.

Wapinzani leteni hoja, ila naomba jambo moja hasa kwa madereva wa Makunduchi na Mtende, kule Unguja, maana jiwe lenu na letu ni moja: mliohamishia rodi juu, ni nini kilichotangulia kulegea, na baada ya muda gani?