Mtoto ana mafua siku ya tatu, naombeni jina la dawa nzuri ya kifua

Mama Wawili: Habari za usiku wakuu. Mwanangu anakohoa, leo siku ya tatu. Zahanati walisema ni virusi, wakatupa panadol ya maji tu. Usiku huu kifua kinakoroma. Nitajieni dawa nzuri, duka linafungwa saa nne.

Baba Tatu: Mafuta ya nazi kifuani, soksi miguuni. Wangu watatu wamekua hivyo. Wa pili alikoroma tukadhani kifaduro, kumbe vumbi la godoro.

Zamu ya Usiku: Ana umri gani? Ananyonya?

Mama Wawili: Yuko vizuri, amepungua kunyonya kidogo tu.

Zamu ya Usiku: Umri, dada.

Mama Wawili: Miezi mitatu na nusu.

Zamu ya Usiku: Huyo hapewi dawa ya kikohozi ya dukani. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika 1 nzima. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50 ni nyingi. Tazama pia kama chini ya mbavu panabonyea akivuta hewa.

Mkongwe: Kina mama wa leo mnauliza simu, bibi zenu wapo.

Mama Wawili: Bibi yake ndiye kasema tusubiri kukuche. Nimehesabu 64. Panabonyea. Lakini hana homa kali, na nimeshampa amoksilini iliyobaki ya kaka yake. Kumtoa nje na baridi hii si ndiyo kumzidishia? Bima pia hana.

Zamu ya Usiku: Amoksilini haiui virusi. Hapo huenda vijia vidogo vya hewa vimevimba, anaweza kuhitaji oksijeni, nayo haiuzwi dukani. Hospitali za serikali, sera inawasamehe malipo walio chini ya miaka 5. Mara ya mwisho kanyonya saa ngapi? Nepi?

Mama Wawili: Saa nane mchana. Nepi kavu tangu hapo.

Shuhuda: Wakuu, hii chai. Akaunti hii wiki jana ilikuwa inauza pikipiki na kujiita mwanaume. Leo inanyonyesha?

Baba Tatu: Eeh kweli! Nami niliulizia bei, sikujibiwa.

Mama Wawili: Simu ya mume wangu, yeye yuko Tunduma kikazi. Pikipiki ilishauzwa. Nimtungie mwanangu ugonjwa ili nipate nini?

Shuhuda: Weka picha ya mtoto basi.

Zamu ya Usiku: Usiweke. Mimi nesi, na wangu akiwa na miezi minne nilisubiri alfajiri vivyo hivyo. Tulifika midomo imeshabadilika rangi. Akapona, ila ile safari sijaisahau. Mbebe kichwa kikiwa juu, usimfunike uso.

Mama Wawili: Mama mkwe amekubali, anatafuta kanga. Wa bajaji anataka elfu kumi.

Zamu ya Usiku: Mpe. Mkifika msikae foleni, sema pale pale mlangoni: hanyonyi tangu saa nane, anahema 64. Na hiyo amoksilini wataje, usiwafiche.