MREJESHO: Mwanafunzi wangu mtu mzima aliyenizoea kupita kiasi

Wakuu, niliuliza nifanyeje na mwanafunzi wangu wa jioni, mama anayejiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT), ule wa wanaosoma sekondari nje ya mfumo rasmi, aliyekuwa akinipigia usiku kunieleza mambo ya ndoa yake, na siku nisipopokea ananuna darasani.

Nimeongea naye ofisini, mlango wazi, mwalimu mwenzangu wa kike akiwepo. Nikamwambia, "Dada, masomo uliza wakati wowote wa kipindi. Ya nyumbani yanahitaji mtu mwingine, na yupo." Alilia. Kisha akakubali kukutana na mshauri nasaha wa kituo, na majaribio yake sasa anasahihisha mwenzangu.

Waliosema "ni mtu mzima, ukiwa naye kimapenzi tatizo liko wapi?" sikubaliani nao hata kidogo. Kalamu ya kutoa alama nilikuwa nayo mimi, hivyo asingeweza kunikatalia kwa uhuru. Sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inambana mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma, na haiangalii umri.

Wiki hii amerudi, amekaa mbele, kauliza swali la hesabu. Kwa kweli nimefurahi sana.