Naomba ushauri: kipokezi changu cha GPS kimepotelea kwenye theluji, nikitafuteje?

Mtembea Pole (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Juzi Jumamosi tulikuwa watatu tukishuka mlima kwa viatu vipana vya kukanyagia theluji, nami nikapoteza kipokezi changu cha GPS cha mkononi, kifaa cha kutosha kiganjani chenye ganda jeusi na skrini ndogo. Nilikuwa nimekining'iniza kwenye mkanda wa begi kwa kulabu ya plastiki. Nadhani kulabu hiyo ilikatika kwa baridi, kwa sababu nilipofika chini nilikuta nusu yake tu ikiwa bado imeshika mkanda.

Ninachokijua kwa hakika ni kwamba tulipovuka daraja dogo la mbao nilikishika, nikasoma mwinuko, kisha nikakirudisha mahali pake. Niligundua kwamba hakipo tulipofika kwenye uzio wa pembezoni mwa msitu, kama mita 400 chini ya daraja. Kati ya sehemu hizo mbili tulisimama mara mbili, na mimi nilianguka mara moja. Tulirudi kukitafuta mpaka giza likaingia, na usiku huo theluji nyingine ya kama sentimita 15 ikaanguka juu ya nyayo zetu.

Kifaa kilikuwa kimewashwa, kinatumia betri mbili za AA za kawaida, na mtengenezaji wake anasema kinastahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kinachoniuma zaidi ni alama za njia nilizozikusanya kwa miaka sita, ambazo sikuwahi kuzinakili kwenye kompyuta. Je, nirudi sasa hivi, au nisubiri theluji iyeyuke? Nikirudi, nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Mtaa

Pole sana mkuu. Kwa nini usiingie kwenye intaneti ukatazama kilipo? Simu yangu iliyopotea niliipata kwa njia hiyo hiyo.

Fundi Redio

Kijana, simu na kipokezi cha GPS ni vitu viwili tofauti. Kipokezi ni msikilizaji tu: kinapokea mawimbi kutoka satelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu ya dunia, kinapiga hesabu ya mahali kilipo, na jibu kinabaki nalo chenyewe. Hakimwambii mtu yeyote. Simu huonekana kwa sababu ina njia ya kutuma taarifa, iwe kupitia mnara wa mtandao au kupitia simu nyingine zilizo karibu nayo.

Mleta mada, kama kifaa chako kina bluetooth na ulikuwa umekiunganisha na simu yako, basi kulikuwa na nafasi ndogo siku ile ile, maana bluetooth hufika mita 10 hivi na theluji yenye majimaji hupunguza hata huo umbali. Leo ni siku ya tatu. Betri za kawaida za AA hudhoofika haraka kwenye baridi, kwa hiyo nisingeitegemea njia hiyo tena.

Mzee wa Njia Nyembamba

Kabla hujagusa theluji, kaa chini na wenzako mtazame picha mlizopiga. Kila picha ya simu huhifadhi saa iliyopigwa, na mara nyingi mahali pia. Tafuta picha ya mwisho inayokuonyesha mkanda wa begi lako ukiwa na kifaa, na picha ya kwanza inayouonyesha ukiwa mtupu. Mita 400 ni nyingi mno kwa mtu mwenye beleshi, lakini zikipungua zikawa 50 kazi inaanza kuwezekana. Vilevile uliza kama kuna mwenzako aliyekuwa amevaa saa inayorekodi njia, kwa sababu nyayo zenu zimeshafunikwa na kumbukumbu ya macho hudanganya sana mahali ambapo kila mti umevaa nguo nyeupe ile ile.

Jambo la pili ni kutambua ilikuwa theluji ya namna gani. Kwenye theluji laini kitu kizito kiasi hicho huzama palepale kilipoanguka na kuacha tundu dogo, ambalo kwako limeshazibwa. Kwenye theluji iliyoganda juu ikawa kama sahani, kifaa huteleza kufuata mteremko mpaka kikutane na kizuizi: shina la mti, shimo la unyayo, au kibonde. Hivyo basi usiishie mahali ulipoangukia, bali tazama na chini yake.

Na tafadhali usiingie na beleshi kama mtu anayechimba msingi. Watu wengi hukifukua kifaa chao bila kukiona, wakakitupa pamoja na theluji upande wa pili na kukizika mara mbili. Kata tabaka jembamba, limwage juu ya turubai, lipapase kwa mkono, ndipo ukate jingine.

Mtembea Pole (mleta mada)

Mzee, Mungu akubariki. Nimekaa na wenzangu jioni hii na tumepata kitu. Kwenye picha ya saa nane na dakika 31, tuliposimama mara ya kwanza, kifaa kinaonekana begani pangu. Kwenye picha ya saa nane na dakika 44 nimetoka kuanguka, nimesimama nacheka, theluji imenijaa mpaka kwenye ndevu, na mkanda uko mtupu. Yaani nilikuwa nacheka huku kimeshaondoka! Mwenzetu mmoja alikuwa na saa inayorekodi njia, na kwa mujibu wa rekodi yake umbali kati ya picha hizo mbili ni kama mita 90. Theluji ilikuwa laini juu, ila chini yake kulikuwa na tabaka gumu.

Sikio la Chuma

Mita 90 zinatosha kwa kitambua metali. Mimi hutumia chombo hicho kila mwaka, na kwa hili theluji ni rafiki yako, kwani theluji kavu haipitishi umeme wala haina madini yanayokipigia chombo kelele kama udongo unavyofanya. Ganda la kifaa chako ni plastiki, lakini betri za AA zina koti la chuma kilichopakwa nikeli, na hizo zinasikika vizuri. Kwa chombo cha kawaida tarajia kina cha sentimita 20 hadi 30 kwa kitu cha ukubwa huo. Ukizijumlisha zile 15 zilizoanguka usiku na kina ambacho kifaa kilizama chenyewe, utaona kwamba uko mpakani. Nenda kabla theluji nyingine haijaongezeka.

Kabla ya kwenda, funga betri mbili za AA kwa utepe, zifukie uani sentimita 20 chini ya theluji, upitishe chombo juu yake mpaka sikio lako lizoee mlio wake. Zoezi hili la dakika kumi huokoa saa nzima kule mlimani. Fimbo za kutembelea na beleshi viache mbali, na kama viatu vyako vina meno ya chuma utakuwa unajitafuta mwenyewe siku nzima.

Subira Tele

Mimi naona mnamhangaisha bure. Asubiri theluji iyeyuke, kifaa kitajitokeza chenyewe, tena kwa kuwa ni cheusi jua litakipasha joto na kukifukua mapema. Rafiki yangu aliokota kamera yake baada ya miezi minne.

Fundi Redio

Subira, la weusi nakubaliana nalo kwa kitu kilicho juu juu, kwa sababu kilichofukiwa sana hakipati jua. Baridi yenyewe haitakidhuru sana: chini ya theluji nene joto halitofautiani sana na nyuzi 0, na kifaa kilichozimika hakina kazi ya kufanya humo. Hatari iko kwenye kuyeyuka. Kile kiwango cha mita 1 kwa dakika 30 kilipimwa kwa kifaa kipya, wala hakizungumzii wiki tatu za kulala kwenye matope ya barafu yanayoyeyuka mchana na kuganda usiku. Halafu betri za kawaida zilizokwisha chaji huweza kuvuja, na kile kinachovuja hula vibati vinavyogusana na betri. Kamera ya rafiki yako iliokotwa, ndiyo, lakini je, iliwaka? Kusubiri kuwe mpango wa pili, iwapo huu wa kwanza utashindikana.

Subira Tele

Haikuwaka. Naomba yaishe.

Mlinzi wa Mteremko

Mnaongea habari za betri na mimi sijaona mtu aliyeuliza mteremko huo ni mkali kiasi gani. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na siku zinazofuata theluji mpya ndizo mbaya zaidi, hasa kama chini yake kuna tabaka gumu kama alilolieleza mleta mada mwenyewe. Mtu anayetafuta kitu huinamisha kichwa, hukaa mahali pamoja kwa saa nyingi, na hasikilizi kinachoendelea juu yake. Soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya eneo hilo, usiende peke yako, na ukikuta mteremko ni mkali, sahau kifaa.

Mtembea Pole (mleta mada)

Asante kwa kunikumbusha. Nimepima kwenye ramani: sehemu hiyo ni ya nyuzi 15 hivi, iko ndani ya msitu, na juu yake hakuna mteremko mkali. Taarifa ya leo nimeisoma. Tunakwenda kesho asubuhi tukiwa watatu, na kitambua metali nimeazima.

Daktari wa Vifaa

Neno moja kabla hujaondoka. Ukikipata usikiwashe, hata kama mkono unawasha. Toa betri palepale, futa maji ya nje, kisha kitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge vizuri ungali nje kwenye baridi. Ukiingia ndani usiufungue mpaka kifaa kifikie joto la chumba, maana hewa ya ndani yenye unyevu ikikutana na kitu baridi huacha matone juu yake, na matone hayo hupenya hata pale ambapo theluji haikupenya. Baada ya hapo fungua mlango wa betri ukiweke siku mbili kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu. Mchele uache jikoni. Kikaushia nywele pia, kwa sababu joto lake hulegeza gundi na mipira inayozuia maji.

Mtembea Pole (mleta mada)

Wadau, kimepatikana.

Tuliifuata rekodi ya saa ya mwenzetu kutoka kwenye kituo cha picha ya kwanza, tukaweka kamba kila upande wa njia, na kupita polepole na kitambua metali. Mahali nilipoangukia hapakuwa na kitu, tukapoteza saa nzima hapo kwa ukaidi wangu. Kisha nikamkumbuka Mzee wa Njia Nyembamba, nikashuka. Mita nne chini yake, kwenye kishimo kilicho upande wa juu wa shina la mti, chombo kililia mlio ule ule wa betri za uani. Tulikata theluji kwa beleshi tabaka moja baada ya jingine. Kwenye la nne, sentimita kama 25 chini, nikaona kona nyeusi na ile nusu nyingine ya kulabu ikiwa imekaa pembeni kama inanisubiri.

Nimefuata maelekezo ya Daktari neno kwa neno. Baada ya siku mbili nilitia betri mpya kikawaka, na alama zote za miaka sita zipo. Nimezinakili mara mbili. Kwenye kona ya skrini kumebaki ukungu mdogo, nimekirudisha kwenye silika.

Kilichonishangaza ni rekodi ya njia iliyomo ndani yake. Mstari unashuka vizuri kutoka darajani, na saa nane na dakika 43 unasimama. Kuanzia hapo ni vinukta tu vinavyozungukazunguka eneo la mita chache, kimoja baada ya kingine, mpaka saa tano usiku betri zilipokwisha. Saa zote hizo kilikuwa kinapokea satelaiti kikiwa chini ya theluji, na sisi tulikuwa tumeupita mti huo na tochi mara mbili.

Fundi Redio

Theluji kavu huyapitisha mawimbi hayo bila taabu. Hongera. Sasa tupa hizo kulabu za plastiki, ufunge kamba.