Matibabu bure yabaki, au wote tuingie bima?

Mshale_wa_Kusini: Wakuu, tuelezane. Kabla ya 1993 hospitali za serikali huku Tanzania bara zilikuwa bure. Ukaja uchangiaji, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya gharama, ukaanzia hospitali za rufaa ukashuka hadi wilayani. Msamaha ukabaki kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa 60 wasiojiweza, na wagonjwa wa TB, ukoma na UKIMWI. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kwa nini kodi isilipe yote, mgonjwa asiulizwe hela dirishani? Ingawa tusidanganyane, hata kwenye bure hiyo dawa zinaishia duka linalotazamana na geti.

Mizani_ya_Dawa: Hiyo ya mwisho umeirusha halafu ukakimbia. Wezi wapo, ila dawa nyingi zinakata kwa hesabu mbovu. Zahanati inaagiza MSD, bohari ya dawa ya serikali, kwa matumizi ya nyuma. Chukua siku 60: dozi 400 zimetoka, lakini dawa ilikosekana siku 20. Asiyejua anaagiza 400. Sahihi ni 400 mara 60, gawa kwa 40, yaani siku ambazo dawa ilikuwepo, unapata 600. Ukiagiza 400, siku ya 40 rafu nyeupe tena, na anayegawa dawa anaitwa mwizi.

Bibi_Kizaazaa: Kumbe mama anayeambiwa aje na glavu, pamba, nyembe na mpira wa kulalia ni kosa la kugawa kwa 40? Haya, azae na kikokotoo.

Mizani_ya_Dawa: Dada, nimejibu hoja ya duka la getini. Glavu sijagusa.

Bibi_Kizaazaa: Ndiyo maana nimeziuliza.

Nusu_Shilingi: Mmeacha swali. Tuulize hivi: mwenye msamaha akitibiwa, kituo kinalipwa na nani? Anayelipa papo kwa papo hela yake inabaki kituoni, MSD wakikosa dawa inanunuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Wa bima, kituo kinapeleka dai, na fomu ikikosa sahihi au utambuzi wa ugonjwa, dai linakatwa. Wa msamaha hakuna wa kumdai. Kituo chenye wajawazito na watoto wengi ndicho kinakauka kwanza. Bure isiyo na mlipaji ni deni la rafu. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, iliwekwa 30,000 kwa kaya ya watu 6, yaani 5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima. Hela ya nusu kilo ya nyama hiyo.

Mshale_wa_Kusini: Nusu kilo kwako wewe unayeishi karibu na bucha! Mkulima wa korosho anashika hela msimu wa mauzo, kadi ikiisha mwezi wa tano hana hata ya chumvi. Na kadi hiyo inaishia hospitali ya mkoa, tena kwa rufaa.

Nusu_Shilingi: Nyama ulikuwa mfano, mkuu.

Mshale_wa_Kusini: Mifano ya watu walioshiba huwa nyama.

Nusu_Shilingi: Basi chukua Toto Afya Kadi, bima ya hiari iliyokuwa 50,400 kwa mtoto. Hiari ikiwa hiari, mzazi anakumbuka kadi mtoto akishaanza kuhema. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, walilalamikia hilo hilo, 2023 wakaisimamisha na kuhamishia usajili shuleni. Bima ya hiari inakusanya wagonjwa, haikusanyi michango.

Jirani_wa_Namanga: Msikimbilie ya lazima mkidhani ni dawa ya yote. Huku Kenya tangu Oktoba 2024 SHIF, mfuko wetu wa bima ya afya, inakata 2.75% ya mshahara kabla ya makato mengine, chini kabisa 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara anajibu maswali kuhusu nyumba na mali yake, anakadiriwa, kisha anadaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mama mboga anapata wapi mkupuo?

Bibi_Kizaazaa: Kwa hiyo mtu akiezeka bati ameshatajirika. Wacha tubaki na makuti.

Mizani_ya_Dawa: Na wa kodi tupu wamtazame Uganda. Walifuta ada vituo vya serikali Machi 2001, maskini wakafurika kwa haki yao, dawa zikashindwa kuwafuata kwa kasi ile. Ukifuta ada leo, oda ya kesho isipigwe kwa wagonjwa wa jana.

Mshale_wa_Kusini: Hapo umenikubalia bila kujua: tatizo ni bajeti. Abuja 2001 marais wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti iende afya.

Bibi_Kizaazaa: Glavu.

Mizani_ya_Dawa: Haya, glavu. Uzazi wa kawaida unakula pea mbili hadi tatu: kupima njia, kupokea mtoto, na mama akichanika, kushona. Anayeagiza kwa hesabu ya mama mmoja pea moja, katikati ya mwezi zimekwisha, ndipo mama anaandikiwa kikaratasi.

Bibi_Kizaazaa: Ungeanzia hapo tusingekula nyama ya watu.

Nusu_Shilingi: Nyama tena?