Tupeane uzoefu: ulichaguaje mahali pa kulala ulipoenda Pwani?

BintiUmoja2

Hamjambo nyote. Mamangu anatimiza miaka 70 mwezi wa nane. Amechuma majani chai Murang'a tangu usichana wake, na bahari ameiona kwenye televisheni tu. Sisi watoto wake wanne tumekuwa tukichanga tangu Januari ili tumpeleke Diani siku nne: yeye, sisi, na wajukuu watatu.

Wiki mbili sasa nashinda kwenye simu nikitazama picha za hoteli, na sioni tofauti. Kila mahali kuna kidimbwi cha maji ya samawati, kitanda kilichomwagiwa maua mekundu, na maneno "hatua chache kutoka ufuoni". Bei inaanzia elfu nne kwa siku, inapanda hadi elfu thelathini, nami sijui kinachozitenganisha ni nini. Pesa hizi hatutazipata tena upesi. Sitaki tufike kule mamangu akae chumbani siku nne kwa sababu mimi nilichagua vibaya.

Naomba aliyewahi kwenda aniambie: ulilala wapi, ulipachagua kwa nini, na ni jambo gani ungependa kulijua mapema. Yaliyoharibika pia yasemeni, ila majina ya hoteli tuyaache, hatukuja kuharibiana biashara.

MwalimuKasarani

Dada, anza na bei. Mwaka 2018 nilienda na mume wangu na watoto wawili. Niliona 8,500, nikazidisha kwa siku tatu nikapata 25,500, nikalala usingizi mzuri. Tulipofika mapokezi tukaambiwa 8,500 ni ya mtu mmoja, watu wawili wakilala chumba kimoja, na mtoto hulipiwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: sisi wawili 17,000, watoto 8,500. Zile 25,500 nilizoziweka kwa siku tatu zilikuwa za usiku mmoja tu! Tulilala usiku huo, asubuhi tukafungasha mizigo tukaanza kuzunguka na tuktuk kutafuta pengine, watoto wanalia na jua limeshawaka.

Uliza hivi, neno kwa neno: hii bei ni ya chumba au ya kichwa? Ina milo mingapi ndani yake? Ni bei ya wakaazi, yaani ya wanaoishi nchini? Kisha mwambie akuandikie jumla ya familia yako yote, kwa siku zote, kwenye ujumbe. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho, maana bei ya wakaazi hawakupi kwa maneno.

Kibokoni_Asilia

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, kazi ndiyo iliyoniweka Nairobi, mwaka wa kumi na tano huu. Wageni wetu wa kutoka bara huuliza habari za kitanda, kiyoyozi na chakula. Bahari hawaiulizi, na hiyo ndiyo waliyoijia.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Na bamvua la kwetu lina saa zake: maji hupwa asubuhi kwenye saa nne au saa tano, yakarudi kujaa alasiri karibu saa kumi. Sasa mtu ametoka Nairobi, amelala, ameamka, amekunywa chai, anateremka na taulo lake saa nne asubuhi, anakuta bahari haipo. Kilichobaki ni mwamba, nyasi za baharini na vidimbwi vya kufika kwenye kifundo cha mguu. Mawimbi yanavunjika mbali kule kwenye mwamba wa nje. Niliwahi kumwona baba mmoja Bamburi, ameshika maboya ya watoto mikono yote miwili, anamuuliza askari wa hoteli maji yamekwenda wapi. Niliona uchungu kwa niaba yake. Hakuna aliyemwambia kabla hajalipa.

Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu. Hayatoki mbali, hayajai sana, na asubuhi utayakuta yapo. Kwa mzee na watoto wadogo, siku zenyewe ndizo hizo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba, tafuta mwezi. Kama tarehe zenu zinasogezeka, zisogeze. Wajukuu wakitaka kuona viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, hapo sasa bamvua ni zuri, mnatembea mwambani na kijana mwenyeji. Vaeni viatu, kuna vidude vyeusi vya miiba mirefu na mwiba wake ukikatikia mguuni ni maumivu ya siku kadhaa. Na mrudi mapema, maji yakianza kuingia hayapigi hodi.

Ukipiga simu hotelini uliza: maji yakipwa, mbele yenu panabaki nini, mchanga au mwamba? Anayefanya kazi pale anajua. Akikujibu kwamba wao wana kidimbwi cha kuogelea, basi jibu umeshalipata.

La mwisho, kuhusu zile nyumba za ng'ambo ya pili ya barabara, ambazo ni rahisi kidogo. Msiziogope. Ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma, imeandikwa kwenye Katiba ya 2010. Ufuo ni wenu kama ulivyo wa aliyelipa elfu thelathini. Mnachoweza kukosa ni njia ya kuufikia. Ulizeni: njia ya kuteremkia ni ya umma au inapita ndani ya hoteli ya mtu? Inafungwa saa ngapi? Mnatembea dakika ngapi juani?

FundiRongai

Mimi nililipa amana ya 18,000 kwa M-Pesa kwa ukurasa wenye picha nzuri sana. Nambari ilikuwa ya mtu binafsi. Kabla ya kutuma, M-Pesa ilinionyesha jina la anayepokea, jina la mtu ambaye hatujuani kabisa, nami nikabonyeza tu kwa sababu alinihimiza kwamba kimebaki chumba kimoja. Tulifika getini saa mbili usiku na mke wangu mjamzito. Hoteli ipo kweli, picha ni zake kweli, ila hawakuwa na habari zetu. Mlinzi ndiye aliyetusaidia kupata chumba kwa jirani, Mungu ambariki.

Lipa kwa nambari ya biashara, Paybill au till, yenye jina la hoteli. Hilo tu.

MlolongoBado

Tulienda Malindi Desemba 2019, mwaka ule wa mvua nyingi. Nyumba ilikuwa safi, mwenye nyumba muungwana, lakini bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwenyeji akanieleza kwamba mto Sabaki unaingia baharini kaskazini mwa mji, na upepo wa kaskazi ukivuma unaleta yale matope hadi mbele ya Malindi. Nikamuuliza huo Sabaki unatoka wapi. Akaniambia, "Si ni kwenu? Ndio huo huo Athi."

Jamani, mimi nakaa Mlolongo. Mto Athi uko hapo chini yetu na mto Nairobi unamwaga maji yake humo humo. Udongo wa mashamba ya bara na takataka zetu zilinitangulia likizoni. Jambo hilo halijanitoka akilini mpaka leo, na ndilo lililonifanya nijiunge na vijana wanaosafisha kingo za mto mtaani kwetu.

Siku ya tatu tulipanda matatu hadi Watamu, mwendo mfupi tu kuelekea kusini, tukakuta maji mangavu hata vidole vya miguu unavihesabu. Bahari ya huko imekuwa hifadhi tangu 1968. Malindi nitarudi, lakini nitakwenda wakati wa kusi, upepo wa kusini, matope yakisukumwa kaskazini upande wa Mambrui. Wewe unakwenda mwezi wa nane na unakwenda Diani, hili halikuhusu sana. Nimelisema kwa ajili ya watakaosoma wakipanga Desemba.

MamaPacha

Sisi tulikodi nyumba Diani, vyumba viwili na jiko, 7,000 kwa siku kwa nyumba nzima. Pacha wangu walikuwa na mwaka mmoja na nusu, na chakula cha hoteli hawali. Nyumba ilikuja na mpishi, unampa pesa za sokoni na posho yake.

Kitu ambacho sitakisahau ni muuza samaki. Alifika saa moja asubuhi na baiskeli, kapu limefunikwa gunia bichi. Akainua tafi mmoja, akamfungua shavu kwa kidole gumba nione matamvua, mekundu tii, akanisogezea puani ninuse. Alinukia maji ya bahari tu. Mchana tulimla wa kupaka, nazi imemshika mpaka kwenye mifupa, na pacha wote wawili walilamba sahani.

Ubaya: maji ya bombani yalikuwa ya kisima, yana chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama katani. Ya kunywa na ya uji tulinunua kwa mitungi. Na kima! Nilitoka kidogo kumshika mtoto aliyekuwa akielekea nje, kurudi namkuta kima juu ya meza ameshika mkate kwa mikono yote miwili. Funga madirisha hata kama joto linakuua. Wale mbega weusi wenye mabega meupe hawana shida na mtu, wao ni majani tu. Wamefungiwa ngazi za kamba juu ya barabara wavuke bila kugongwa na magari. Watoto watapenda kuwaona.

Kwa watu wanane kama nyinyi, nyumba ni nafuu kuliko hoteli kwa mbali.

AshaSouthB

MamaPacha, kwa heshima nakupinga. Mama wa miaka 70 aliyechuma chai maisha yake yote, ukimweka kwenye nyumba yenye jiko ataingia jikoni. Atamfukuza huyo mpishi siku ya kwanza. Siku ya pili atakuwa anafua nguo za wajukuu. Nimeyaona kwa mama mkwe wangu. Mpeleke mahali ambapo sahani inaletwa na inaondolewa, akae atazame maji.

Langu mimi ni ngazi. Babangu ana goti bovu. Nilimchagulia hoteli kwenye jabali, upande wa kaskazini wa Mombasa, kwa sababu picha ilionyesha bahari yote kutoka barazani. Kumbe ili kufika mchangani unateremka ngazi 62. Nilizihesabu baadaye, nikimngoja apumzike katikati. Alishuka mara moja. Siku mbili zilizobaki alikaa juu, akituambia yuko sawa, twende tu tukaogelee. Babangu hanung'uniki, na hilo ndilo linaloniuma.

Uliza: kutoka mlango wa chumba hadi mchanga ni ngazi ngapi? Chumba ni cha chini au cha ghorofani? Bafu lina ukingo wa kuruka? Uliza pia kama kuna kiti cha kivuli pale pale ufuoni, maana mzee hatakaa mchangani.

BintiUmoja2

Asha, umemsema mamangu kana kwamba mnaishi naye. Kweli ataingia jikoni.

Asanteni sana. Swali lingine: tunafikiria treni ya saa tisa alasiri ili wasiokuwa na likizo wafanye kazi nusu siku. Kuna ubaya?

Kibokoni_Asilia

Upo. Hiyo inawafikisha Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, usiku, na Diani bado. Mzee na watoto mtawachosha. Pandeni ya saa mbili asubuhi, mchana mmeshafika. Agizeni gari mapema na mumwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, inawatoa upande wa Kwale bila kupanga foleni ya feri Likoni. Ila mkirudi, kama mama ana nguvu, mpitisheni feri. Atapenda kuona meli kubwa zikiingia bandari ya Kilindini.

MwalimuKasarani

Na tiketi mkate mapema, Agosti shule zimefungwa. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda hadi 1,500 mwaka 2024.

BintiUmoja2

Narudi na habari. Nimepiga simu sehemu tano. Wawili waliponijibu habari za kidimbwi niliposema maji kupwa, nikawashukuru nikakata. Mmoja hakujua idadi ya ngazi wala hakutaka kwenda kuangalia. Wa nne alikuwa mzuri lakini bei ni ya kichwa na imetushinda.

Wa tano ni hoteli ndogo, si ya ghorofa. Dada wa mapokezi aliniambia subiri, akatoka na simu mkononi, nikamsikia akihesabu akitembea: ngazi nne, kisha nyasi, kisha mchanga. Akaniambia mbele yao panabaki mchanga, mwamba unaanzia mbali kidogo upande wa kushoto. Ameniandikia jumla ya watu wanane, kiamsha kinywa na chakula cha jioni. Nimelipa amana kwa Paybill na jina limetoka la hoteli. Tumesogeza safari kwa siku sita tuukute mwezi ukiwa nusu. Ndugu yangu wa pili amenung'unika kuhusu ruhusa ya kazini, lakini amekubali.

Jana usiku nilimpigia mamangu kumwambia. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama mtu anaruhusiwa kuchota yale maji kwenye chupa, akawaonyeshe wenzake wa kanisani ambao hawajawahi kufika.

Kibokoni_Asilia

Anaruhusiwa. Mwambie achote yakiwa yamejaa, aingie mpaka magotini, pale hayana mchanga. Na abebe chupa mbili, ya kwanza wataimaliza kwa kuonja.